Lori la Jumanne: tathmini ya huduma ya taka mtaani kwetu, na mpango wake wa miaka 10

Nyota tatu kati ya tano, na kila moja nitasema nimempa nani.

Huduma ninayoitathmini ni ya kuzoa taka majumbani na kufagia barabara mtaani kwetu. Mkandarasi mmoja anazoa, mwingine anafagia, halmashauri inawasimamia wote wawili. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikiandika kwenye daftari saa ambayo lori la taka lilifika, au kwamba halikufika. Sikuanza kwa nia ya kumshitaki mtu. Kabla sijastaafu nilipanga ratiba za mabasi kwa miaka 19, na mkono wangu umezoea kuandika gari limefika saa ngapi na limeondoka saa ngapi. Kisha halmashauri ikatoa rasimu ya mpango wa miaka 10 ijayo wa taka na usafi wa barabara, ikawaomba wananchi maoni. Nimeisoma rasimu hiyo yote, kurasa 86, mara mbili, na daftari langu liko pembeni. Ndipo nilipoona kwamba daftari lina kitu kimoja ambacho rasimu haina.

Siku yetu ni Jumanne. Kati ya Jumanne 52, lori lilifika siku yake mara 31. Mara 14 lilikuja Jumatano au Alhamisi. Mara 7 halikuja kabisa, tukangoja wiki iliyofuata.

Mtu akiziona namba hizo haraka atasema 31 si haba. Kwenye mabasi tulijifunza vingine. Basi la saa 12 asubuhi likikosekana siku mbili kwa wiki, abiria hapotei kwa siku hizo mbili tu. Anaacha kabisa kulitegemea, kwa sababu hajui ni siku zipi mbili. Taka ni hivyo hivyo. Lori likikosa Jumanne moja, Jumanne inayofuata majirani wengi hawatoi mifuko asubuhi. Wanangoja wasikie honi kwanza. Honi ikilia, huyu anaoga, yule ameshakwenda kazini, mwingine anatafuta ufunguo wa geti. Lori linapita likiwa na nafasi. Jioni mifuko inatolewa na kurundikwa kwenye kizimba cha matofali pale kona, usiku mbwa wanaichana, na alfajiri wa kwanza kuikuta ni dada anayefagia barabara.

Huyu dada ndiye nyota yangu ya kwanza, na nitakaa kwake kidogo.

Hufika saa 11:30 alfajiri, na ufagio wa mpini mrefu ambao ameuzungushia kitambaa pale anaposhikia, koleo moja, na toroli la gurudumu moja. Anafagia kutoka katikati ya barabara kwenda ukingoni, upepo ukiwa mgongoni. Mchanga anauweka peke yake, majani peke yake, plastiki peke yake. Nilidhani ameelekezwa hivyo na bosi wake, siku moja nikamuuliza. Akasema, "Hapana mama, hajaniambia mtu. Mchanga ndio mzito, nikiuchanganya na majani toroli linanishinda kwenye mlima." Akafagia hatua chache, akasimama tena. "Halafu mchanga ndio unaoziba mtaro. Majani yanaelea, maji yanayabeba. Mchanga unakaa chini. Kwa hiyo nautoa kwanza, ili hata muda ukiniishia, mtaro uwe salama."

Nimesoma sura nzima ya ufagiaji kwenye rasimu na sikukuta sentensi yenye maarifa ya kiasi hicho.

Kila baada ya hatua kama 40 anaacha rundo ukingoni. Kutoka kona yetu hadi kwenye daraja dogo ni marundo 11. Hapo kazi yake inaishia. Kuyazoa marundo si kazi yake, wala si ya lori la Jumanne, maana lile ni la mkandarasi mwingine na linalipwa kwa taka za majumbani. Marundo yana gari lao dogo, na gari hilo halina siku. Linakuja likipata nafasi.

Msimu wa mvua, Jumatatu moja, nilikuwa dirishani nikinywa chai. Dada alikuwa ameshamaliza na kuondoka. Barabara ilikuwa safi, marundo 11 yamepangika vizuri kama mtu aliyepima kwa kamba. Kama saa mbili hivi mvua ikaanza. Rundo la mbele ya geti letu lilianza kulowa kwa juu, likageuka jeusi, halafu upande wa chini ukakatika kama kipande cha ukuta wa udongo. Maji yakapata njia katikati yake. Haikufika robo saa, marundo matatu niliyoweza kuyaona yalikuwa yameingia mtaroni, yote na mifuko ya plastiki juu yake, na maji yakaanza kurudi barabarani. Mchana watoto wa shule walipita wamevua viatu wakivishika mkononi.

Kesho yake alfajiri nilitoka kumsalimia dada. Alikuwa ameingiza koleo mtaroni, anatoa mchanga. Aliniambia bila hasira yoyote, "Huu nimeshaufagia jana, mama."

Sentensi hiyo ndiyo tathmini yangu ya huduma nzima. Tunamlipa mtu kufagia mchanga ule ule mara mbili kwa sababu ufagio na gari havina ratiba moja. Na rasimu ya miaka 10 inaendelea vivyo hivyo: ufagiaji uko sura ya tatu, uzoaji uko sura ya tano, kila sura na bajeti yake, zabuni yake na msimamizi wake. Nimetafuta jedwali moja linaloonyesha mtaa fulani unafagiwa siku gani na saa ngapi, na marundo yake yanazolewa siku gani na saa ngapi. Halipo.

Kwamba inawezekana nimeona kwa macho yangu. Mara nne katika mwaka, kwa bahati tu, lori la Jumanne lilifika mapema dada akiwa bado hajaondoka. Mara zote nne utingo walishuka wenyewe, mmoja akashika koleo, mwingine akainua toroli, marundo 11 yakaingia kwenye lori. Mara ya pili nilipima kwa saa: dakika 9. Hawakuwa wamelazimika. Mmoja wao aliniambia, "Mama, tukiyaacha yatakuwa yetu tu wiki ijayo, yamelowa." Dakika 9 kwa barabara yote hiyo! Mpangaji yeyote wa ratiba akipewa dakika 9 anajua pa kuzipata.

Kwa nini basi lori halifiki siku yake? Wengi mtaani wanasema ni uvivu au magari mabovu. Ubovu upo, mara mbili nimeliona limefunguliwa boneti katikati ya barabara. Lakini daftari limenionyesha jambo jingine. Lori likichelewa hadi Alhamisi, haliingii kwenye vichochoro. Linasimama pale kizimbani, linapakia lundo lote kwa mara moja, linaondoka limejaa. Mkandarasi analipwa kwa tani; rasimu yenyewe inaeleza hivyo, na inapendekeza iendelee. Sasa fikiria wewe ni yeye. Jumanne unapita kwenye milango 60, unasimama mara 60, unatumia mafuta na nusu siku. Alhamisi unasimama mara moja na kupata uzito ule ule, tena mkubwa zaidi maana mvua imeshanyesha juu yake. Kuchelewa kunamlipa. Siamini kwamba kuna mtu alikaa akapanga iwe hivyo, ila malipo yakipimwa kwa tani pekee, ndiyo kazi inayonunuliwa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa halmashauri ni kwamba sehemu ya malipo ipimwe kwa milango iliyopitiwa siku yake. Si vigumu kupima. Mtaa una wajumbe, wajumbe wana simu, na lori lina kifaa cha kuonyesha mahali lilipo. Ukurasa wa vigezo vya utendaji kwenye rasimu una safu za tani, idadi ya malori na kilomita zilizofagiwa. Ongezeni safu moja tu.

Tena nataka ratiba iwe na saa, siku pekee haitoshi. Huko Taipei, Taiwan, lori la taka linapita kwa saa inayojulikana, linapiga muziki, na watu wanatoka na mifuko yao wanaikabidhi wenyewe. Utaratibu wao ni kwamba taka isiguse ardhi, kwa hiyo hakuna lundo kona linalongoja. Rasimu yetu inataka kuongeza vizimba. Mimi naona kizimba ni kituo cha basi lisilo na saa: ukijenga kikubwa zaidi, unawaambia watu wangoje zaidi. Nakubali kwamba kukabidhi mkono kwa mkono kunawabana wanaofanya kazi mchana, na wazee wasioweza kukimbilia honi. Taipei malori hupita hadi jioni na usiku, siku tano kwa wiki, ndiyo maana watu wanaweza. Hatuwezi kuchukua muziki tukaacha siku tano.

Nyota ya pili nawapa utingo wawili na dereva wa Jumanne.

Wanapanda nyuma, mguu mmoja kwenye kibao, mkono mmoja kwenye chuma. Nimewaona wakiwa na glavu za mkono mmoja mmoja, kila mtu na wa kulia wake, kwa sababu jozi hazikutosha. Mmoja ana kovu kwenye kiganja la sindano iliyotoboa mfuko. Walipoletewa lori lenye mtambo wa kushindilia kwa majaribio ya mwezi mmoja, nilimuuliza yule kijana mrefu kitufe cha kusimamisha mtambo kiko wapi. Akanionyesha, kiko upande wa kushoto. Yeye hufanya kazi upande wa kulia. Kukifikia lazima azunguke nyuma ya mdomo wa mtambo wenyewe.

Ninalitaja hili kwa sababu linaua. Tarehe 1 Februari 1968, huko Memphis, Marekani, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walikuwa wakijikinga mvua nyuma ya lori lao, mtambo wa kushindilia ukajiwasha ukawasaga. Wenzao zaidi ya 1,000 waligoma, wakatembea barabarani na mabango yaliyosema wao ni binadamu. Martin Luther King alikwenda mjini humo kuwaunga mkono, na ndiko alikouawa tarehe 4 Aprili mwaka huo huo. Ni zaidi ya nusu karne sasa, na bado mtu anaweza kununua lori lenye kitufe upande mmoja. Rasimu ina kurasa sita juu ya ununuzi wa malori, na aya moja juu ya watu wanaopanda nyuma yake. Aya hiyo inasema watapewa "vifaa stahiki". Naomba iandikwe glavu ni jozi ngapi kwa mwaka kwa kila mtu, buti zinabadilishwa kila baada ya muda gani, chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B nani anailipia, na kitufe kiwe pande zote mbili. Dada wa ufagio naye aingizwe humo humo, na fulana ya kuakisi mwanga, maana saa 11:30 alfajiri madereva hawamwoni.

Nikiwa kwenye malori: mpango unataka yale makubwa ya kushindilia, na hapa nadhani wamekosea. Gari la kushindilia ni zuri kwa taka nyepesi zenye hewa nyingi, maboksi na makopo na vifungashio, ambazo ukizibana zinapungua sana. Taka za jikoni hazibanwi hivyo. Zimejaa maji, ni nzito tangu mwanzo, na ukizikamua zinatoa maji machafu. Ule mwezi wa majaribio tulijua njia lilikopita kwa kufuata mstari mweusi kwenye lami na harufu yake. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 inaeleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani. Nami nilipima za nyumbani kwangu kwa wiki nne, kwa mizani ya bafuni: katika kila kilo 10, zaidi ya 6 zilikuwa za jikoni. Ripoti hiyo hiyo inasema halmashauri za nchi maskini hutumia kwa wastani kama asilimia 20 ya bajeti yao kwenye taka. Ukinunua gari lisilofaa kwa fedha ya namna hiyo, utakaa nalo miaka yote 10 ya mpango.

Halafu vichochoro. Lori kubwa haligeuzi kwetu, hata lililopo linarudi kinyumenyume huku utingo akipiga bodi kwa kiganja kumwelekeza dereva. Gari dogo la magurudumu matatu lingeingia hadi mlangoni, likapeleka taka kwenye kituo kimoja cha kuhamishia, na lori kubwa lingengoja hapo badala ya kuzunguka. Mabasi yalikuwa hivyo, madogo yanalisha makubwa. Rasimu imekitaja kituo cha kuhamishia kwenye ramani, ila ni kwa mwaka wa nane. Ningekileta mwaka wa pili, hata kama ni kwa kuacha lori moja kubwa.

Sasa mapipa matatu. Rasimu inataka kila nyumba itenganishe taka kwa mapipa matatu kuanzia mwaka wa pili. Nia ninaiunga mkono kabisa. Ila jirani yangu wa ukuta alitenganisha kwa hiari yake miezi miwili, maganda huku, chupa kule, karatasi pale, mpaka Jumanne moja alipokuwa getini akaona vyote vitatu vinaingia kwenye tumbo moja la lori. Aliacha siku hiyo hiyo, wala simlaumu. Pipa la kutenganishia linaanzia kwenye gari, si jikoni. Bila gari lenye sehemu mbili, au siku mbili tofauti, mtamzoesha mwananchi kazi ambayo ataiona ikiharibiwa mbele ya macho yake, na mkimrudia mwaka wa tano hatawasikiliza.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1884 Eugène Poubelle, aliyekuwa mkuu wa utawala wa Paris, aliamuru nyumba ziwe na vyombo vya taka vyenye vifuniko, na taka zitengwe mafungu matatu: zinazooza, karatasi na matambara, kisha vioo na vyombo vya udongo pamoja na makombe ya chaza. Wafaransa hadi leo wanaliita pipa la taka kwa jina lake. Lakini utenganishaji haukushika, na waokota matambara wa mji, waliokuwa wakiishi kwa kuchambua taka hizo, walimpinga vikali kwa sababu amri ilifunga riziki yao ndani ya pipa.

Hao waokotaji ndio waliosahauliwa na rasimu yetu pia. Mtaani kwetu yuko mzee mmoja anayepita Jumanne kabla ya lori. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku mikono haisimami. Chupa ya maji akiishika anazungusha kifuniko, anakiweka mfuko wa pili, pete ile ya plastiki iliyobaki shingoni anaing'oa kwa kisu kidogo, ndipo anaikanyaga. Alinieleza kwamba kifuniko na chupa si plastiki moja, na mnunuzi akikuta vimechanganyika anashusha bei ya gunia zima. Mkebe anaubonyeza na kusikiliza mlio. Anajua jalada lipi la karatasi lina nailoni ndani kwa kulichana pembe. Huyu mzee ni kituo cha kuchambulia taka chenye miguu miwili, na kwenye rasimu ametajwa mara moja tu, ndani ya maneno "shughuli zisizo rasmi zitakazoondolewa".

Msimwondoe, mwandikisheni. Katika mji wa Pune, India, waokotaji wa aina yake wana ushirika wao uitwao SWaCH, na mji umeingia nao mkataba wa kupita mlango kwa mlango. Wanachukua taka zilizotengwa na kubaki na zile zinazouzika. Mzee wetu tayari anaijua milango yote 60 na anafika kila Jumanne. Katika mwaka wa daftari langu, alikosa mara mbili tu.

Kuhusu kasi, naona tuige Korea Kusini badala ya kutaka yote mwaka wa pili. Wao walianza mwaka 1995 kwa kumfanya mtu alipie taka kwa mfuko, anayetupa kidogo alipe kidogo. Marufuku ya kupeleka mabaki ya chakula moja kwa moja jaani ilikuja mwaka 2005. Ni miaka 10 kamili kati ya hatua hizo mbili, sawa na urefu wa mpango wetu wote. Kwetu ningeanza na fungu moja tu, la jikoni, kwa siku yake na gari lake dogo. Hilo ndilo zito, ndilo linalonuka, ndilo linalowavuta mbwa kizimbani, na ndilo linalozaa gesi ya methani likifukiwa. Likitoka, kilichobaki ni kikavu na hata kikingoja siku mbili hakimdhuru mtu.

Nyota ya tatu naipa rasimu yenyewe, kwa sura ya jaa. Sura hiyo imeandikwa na watu wanaoijua kazi. Inataka mizani langoni, udongo wa kufunika kila siku, mteremko wa lundo upimwe, na nyumba zisijengwe chini yake. Waliokufa Koshe, Addis Ababa, Machi 2017, zaidi ya 100, na waliokufa Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, walifukiwa na taka walizokuwa wakiishi na kufanya kazi chini yake. Sura hii isiguswe hata sentensi moja, na fedha yake isihamishwe mwaka wa tatu kwenda kununulia malori.

Nyota mbili nilizobaki nazo ni za siku na saa. Nitazitoa nikiona lori na ufagio kwenye jedwali moja.

Fomu ya maoni ilikuwa na nafasi ya mistari mitano, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe ofisini na nakala za kurasa zote za daftari, Jumanne 52 mfululizo. Kijana aliyenipokea alinivutia kiti, akazipitia zote bila haraka, akafika kwenye ile Jumatatu ya mvua niliyoiandika pembeni kwa wino mwekundu, akaisoma kwa sauti ya chini. Akaniuliza, "Mama, marundo ya mtaa wa pili nayo ni hivi hivi?" Nikamwambia mtaa wa pili sijauandika, lakini dada anayeufagia namfahamu. Akachukua kalamu, akauliza anafika saa ngapi.

Nikamwambia saa 11 kamili. Tukakubaliana akamkute huko Alhamisi, kabla hajaanza kuacha marundo. Akataka kubaki na daftari lenyewe. Nilimwachia nakala tu, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumanne.